Dagaa wa Ujiji na Maji Yaliyopata Joto

Waliotuandikia habari za njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hata Tabora na kuishia Ujiji, wamehesabu pembe za ndovu, wamehesabu majora ya merikani na mafungu ya shanga. Na wale waliokuwa na moyo wamewahesabu watumwa pia. Dagaa hawakuhesabiwa na mtu. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyetua mzigo wake Ujiji hakula pembe. Alikula kitoweo kilichotoka katika Ziwa Tanganyika, na kama safari ya kurudi Unyanyembe ilikuwa mbele yake, samaki waliokaushwa juani walikuwa chakula chepesi kubebeka na kigumu kuoza, kama ilivyokuwa chumvi ya Uvinza iliyopatikana njiani.

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, baada ya kupumzika Kaze, yaani Tabora, kwa ukarimu wa Snay bin Amir. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu vitu vya nchi hii, hakukosa kuwataja dagaa miongoni mwa vyakula vya mahali hapo. Uvuvi wenyewe ulikuwa wa usiku wa giza, pasipo mbalamwezi: mienge iliwashwa mtumbwini, dagaa wakaufuata mwanga, wakachotwa kwa wavu. Baadaye mienge ilirithiwa na karabai, na karabai zikarithiwa na taa za umeme. Shauri lenyewe ni lile lile.

Kwa nini dagaa hupanda juu usiku? Hufuata riziki yao. Riziki hiyo ni vijidudu vya majini visivyoonekana vema kwa macho, na vijidudu hivyo navyo hula mwani mdogo mno uelea-o majini na kujilisha kwa nuru ya jua. Wataalamu huita jamii yote hiyo planktoni, yaani viumbe vichukuliwavyo na maji. Migebuka huwala dagaa, na watu huwala wote wawili. Basi mji wa Ujiji, soko lake na wageni wake, vyote vilisimama juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Mmoja wa wa kwanza kukitazama kwa jicho la elimu alitoka upande wa Tabora. Richard Böhm, Mjerumani aliyekaa Kakoma na Gonda, kusini ya Tabora, tangu mwanzo wa miaka ya 1880, alifika ziwani, na mwaka 1883 akaona humo yavuyavu, kinyama kilaini kama utelezi ambacho watu wa Pwani hukijua cha baharini. Habari hiyo ilizua mjadala mkubwa Ulaya. Mwingereza J. E. S. Moore, aliyekwenda ziwani mwaka 1896 na tena 1899, alishikilia kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichoachwa bara. Alikosea: ziwa ni ufa wa ardhi uliojaa maji, wala bahari haikupata kufika huko. Hata hivyo kosa lake lilileta faida, maana ili kulipima dai hilo W. A. Cunnington alitumwa mwaka 1904, akakusanya viumbe vya majini, na mwaka 1907 G. S. West akachapisha orodha ya mwani wake. Ndiyo maana wa leo wanacho cha kulinganisha.

Sasa yafaa kueleza namna ziwa linavyojilisha. Kina chake hufika mita 1,470, na chini ya mita 100 au 200 hivi hakuna hewa ya kuvutia pumzi, wala samaki hawaishi. Lakini huko ndiko ilikolala mbolea, kwa kuwa kila kifacho huzama. Mwani uko juu kwenye nuru. Chakula chake kiko chini gizani. Kinachowakutanisha ni upepo wa kusi, uvumao toka Mei hata Septemba, ukayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyainua ya chini upande wa kusini. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta, na upepo hushindwa kuyachanganya. Tena katika nchi za joto kama hizi, nyongeza ndogo hutenda kazi kubwa kuliko katika maziwa ya Ulaya, kwani maji yaliyokwisha kuwa na joto hupungua uzito upesi zaidi kwa kila digrii inayoongezeka.

Mwaka 2003 zilitoka taarifa mbili. Piet Verburg na wenzake walionyesha kwamba tangu vipimo vya 1913 joto lilikuwa limepanda kwa karibu digrii 0.9 kwenye kina cha mita 100, na karibu digrii 0.3 kwenye mita 600. Catherine O'Reilly na wenzake, waliochunguza matope ya ziwani, walikadiria kwamba uzazi wa mwani umepungua kwa kadiri ya asilimia 20, na kwamba upungufu huo waweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma matope ya miaka 1,500, wakaona kwamba joto la maji ya juu katika siku zetu halina mfano katika muda wote huo.

Matope hayo ni kumbukumbu kuliko shajara za wasafiri. Burton, Livingstone na Stanley hawakuacha kipimo cha kina cha ziwa kinachotusaidia katika jambo hili. Lakini kila mwaka mwani uliokufa, magamba na mifupa ya samaki vilishuka na kulala tabaka juu ya tabaka, misafara ikija na kuondoka juu yake. Andrew Cohen na wenzake walipozihesabu alama hizo mwaka 2016, waliona kwamba samaki walianza kupungua pamoja na kupanda kwa joto tangu karne ya 19, kabla ya uvuvi wa biashara kubwa ulioanza katikati ya karne ya 20.

Si wote waliokubali. Jouko Sarvala na wenzake walijibu mwaka 2006 kwamba kupungua kwa samaki katika miaka ya karibuni kwaelezwa vizuri zaidi na wingi wa nyavu. Mabishano haya si ya vitabuni tu. Ikiwa kosa ni la nyavu, dawa iko mikononi mwa mvuvi wa Kigoma, naye ana haki ya kulaumiwa. Ikiwa ni la joto, basi huyo huyo analipishwa deni lililokopwa na viwanda vya mbali ambavyo hajapata kuviona. Yaelekea mambo yote mawili yamo. Lakini mizani haikulala sawa, kwa sababu mvuvi ndiye peke yake anayeweza kuzuiwa kwa amri ya serikali.

Amri ilitoka. Tangu 15 Mei hata 15 Agosti 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa hilo, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Nyavu zilianikwa ufukweni miezi mitatu, na wale ambao tangu 1914 reli ya Kigoma imewapelekea Tabora dagaa wao wakangoja. Miezi hiyo ndiyo ya kusi. Upepo ulivuma kama ulivyovuma siku za misafara, juu ya maji yaliyo mazito kidogo tu kuliko hewa ya tumaini, na mepesi kuliko yalivyokuwa Burton alipoyaona.