Jinsi tarakilishi inavyogawa kazi ndogo ndogo miongoni mwa viini vyake

TANGU mwaka wa 2005, kampuni za Intel na AMD zilipoanza kuuza prosesa zenye viini viwili kwa tarakilishi za kawaida, kasi ya programu imezidi kutegemea jinsi kazi inavyogawanywa miongoni mwa viini hivyo.

Hata hivyo, kugawa kazi nako kuna gharama. Kila kijikazi sharti kiandikishwe, kiwekwe kwenye foleni, kisha kikabidhiwe kiini cha kukitekeleza. Kikiwa kidogo mno, muda wa kukisimamia huupita ule wa kukitenda. Kazi zikiwa kubwa na chache, nazo huacha baadhi ya viini vikikaa bure ilhali vingine vimelemewa.

Aidha, foleni moja ya pamoja haifai, kwa kuwa viini vyote huigombea na kucheleweshana.

Suluhisho linalotumika sana huitwa wizi wa kazi. Kila kiini huwa na foleni yake yenye ncha mbili. Mwenyewe huweka na kuchukua vijikazi kwenye ncha moja. Kiini kisicho na kazi huchagua kingine kwa bahati nasibu na kukiibia kwenye ncha ya pili.

Hapo ndipo penye hekima. Kijikazi kilichokaa muda mrefu kwenye foleni aghalabu ndicho kikubwa zaidi, hivyo mwizi hushughulika kwa muda kabla ya kurudi kuiba tena. Mwenye kazi naye hasumbuliwi. Gharama humwangukia zaidi yule aliyekuwa bure.

Mnamo 1994, Robert Blumofe na Charles Leiserson wa chuo cha MIT, Marekani, walithibitisha kihisabati kwamba mbinu hii hukaribia ugavi bora kabisa, mradi mlolongo wa hatua zinazosubiriana usiwe mrefu.

Lugha ya Cilk, iliyobuniwa chuoni humo, ilionyesha matokeo yake. Ripoti ya 1998 ilieleza kuwa kuunda kijikazi kuligharimu kati ya mara mbili na sita tu ya mwito wa kawaida wa kifungu cha programu katika lugha ya C. Mbinu hiyo iliingizwa katika Java 7 mwaka wa 2011, na hutumika pia katika lugha ya Go.

Licha ya hayo, mtunzi wa programu hana budi kujua mahali pa kukomea. Maelezo ya Java hupendekeza kijikazi kiwe na hatua zaidi ya 100 na chini ya 10,000.

Chukua mfano wa kupanga nambari 1,000,000. Ukizigawa nusu kwa nusu mara 11, utapata vipande 2,048 vyenye nambari takriban 488 kila kimoja, kiasi kinachofaa. Ukiendelea hadi kila nambari iwe peke yake, utaunda vijikazi zaidi ya milioni moja na kupoteza faida uliyoitafuta.