Kayaki ya baharini: Usalama huanza siku ya kununua

ASUBUHI ya Machi 22, 1993, wanafunzi wanane wa shule moja ya mji wa Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza, waliingia baharini kutoka Lyme Regis wakiwa na mwalimu wao pamoja na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo ya nje. Walikusudia kuufuata ufuo hadi Charmouth, mwendo wa kilomita tatu hivi, na walitarajiwa kuwa wamemaliza safari kabla ya chakula cha mchana.

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Kayaki ya mwalimu ilipinduka punde tu baada ya kuondoka, na mkufunzi mmoja akabaki nyuma kumsaidia. Wanafunzi na mkufunzi wa pili walivishikanisha vyombo vyao wakisubiri, na huku wakisubiri upepo ukawasukuma mbali na pwani. Mawimbi yaliziingia kayaki zao moja baada ya nyingine hadi wote wakawa majini, katika bahari ya baridi kali. Waokoaji walipowapata ilikuwa jioni. Wanafunzi wanne walifariki.

Ilibainika baadaye kwamba kayaki za wanafunzi hao hazikuwa na sketi za kukinga maji, kundi halikubeba fataki za kuomba msaada, na walinzi wa pwani waliarifiwa saa nyingi baada ya muda wa kurejea kupita. Mnamo 1994, kampuni iliyomiliki kituo hicho ilipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, ikiwa ya kwanza katika historia ya sheria za Uingereza, na mkurugenzi wake mkuu akafungwa jela. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kutoa leseni kwa vituo vinavyowapeleka vijana katika michezo ya aina hiyo.

Jambo moja katika mkasa huo linamhusu kila anayekusudia kununua au kukodi kayaki. Vifaa vilivyokosekana ni vya bei nafuu kuliko chombo chenyewe. Wahenga walinena kwamba bahari haiishi zinge, na kwa hiyo swali la kwanza dukani halipaswi kuwa kuhusu kasi, rangi au bei. Swali ni hili: chombo hiki kikipinduka na kujaa maji, aliyekuwa ndani yake atarudije?

Asili ya chombo

Swali hilo lilijibiwa kitambo na waliobuni kayaki. Wainuit wa Greenland na Waaleuti wa visiwa vya Alaska waliunda mifupa ya chombo kwa miti iliyoletwa na mawimbi, kisha wakaiwamba kwa ngozi za sili. Kila mwindaji alijipimia chombo kwa mwili wake mwenyewe. Alivaa koti la ngozi lililofungwa kwa kukazwa kwenye tundu la kukalia, kiasi kwamba mtu na chombo vilikuwa kitu kimoja na maji hayakuwa na pa kupenya. Chombo kilipopinduka, aliweza kujiinua kwa kafi bila kutoka ndani.

Kayaki za leo hutengenezwa kwa plastiki au faibaglasi, lakini masharti hayajabadilika: maji yasiingie, na yakiingia yasijae, na yakijaa yaweze kutolewa.

Aina mbili kuu

Kayaki za baharini ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kukalia juu, ambayo haina tundu la kuingiza miguu. Sitaha yake ina mashimo yanayorudisha maji baharini, na aliyeanguka huweza kupanda tena bila kulazimika kufua maji. Ndiyo inayofaa zaidi kwa anayeanza, karibu na ufuo na katika maji ya joto. Kasoro yake ni kwamba ni pana na nzito kusukuma dhidi ya upepo. Aidha, ikipata ufa maji huingia ndani ya mwili wake bila mwenyewe kutambua. Ni vyema kuitikisa kabla ya kuondoka na kusikiliza kama kuna maji ndani.

Ya pili ni kayaki iliyofunikwa, ambayo ndiyo ya safari ndefu. Kwa kawaida huwa na urefu wa kati ya mita 4.8 na 5.5, na upana wa sentimita 53 hadi 60. Urefu huo huisaidia kushika njia moja kwa moja. Kayaki ya mtoni, yenye urefu wa mita mbili au tatu, imeundwa kugeuka haraka kati ya mawe. Baharini humchosha mwenye kuipiga kafi kwa sababu omo lake halitulii.

Wengi hudhani kwamba chombo kipana ndicho salama zaidi. Hilo ni kweli maji yakiwa shwari. Kwenye mawimbi, chombo kipana hulala kwa kufuata mteremko wa wimbi, ilhali chembamba kidogo, mikononi mwa aliyefunzwa, huweza kubaki wima wimbi likipita chini yake. Kwa hiyo upana uchaguliwe kulingana na ujuzi wa mtumiaji na mahali atakapoenda.

Viambaza na kamba

Sehemu muhimu zaidi ya kayaki iliyofunikwa haionekani kwa nje. Ni viambaza, yaani kuta za ndani zinazotenga chumba cha mbele na cha nyuma kutoka pale mtu anapokaa. Mwili wa kayaki ya baharini huweza kuwa na ujazo wa lita 300 au zaidi. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja, chombo kisicho na viambaza kikijaa huwa na mzigo ambao hakuna mtu anayeweza kuuinua, na huenda kikasimama wima majini upande mmoja ukiwa umezama. Chenye viambaza hujaa sehemu ya kukalia tu, na ncha zake mbili huendelea kuelea.

Mnunuzi afungue vifuniko vya vyumba hivyo na kupapasa viungo vya viambaza kwa vidole. Njia rahisi ya kupima ni kumwaga maji katika chumba kimoja na kutazama kama yatavuja kwenda kingine. Chombo kisicho na viambaza kisiingizwe baharini mpaka kijazwe mifuko ya hewa mbele na nyuma.

La pili ni kamba zinazozunguka kingo za sitaha. Kayaki iliyolowa huteleza, na aliye majini akikosa pa kushika, upepo huipeperusha haraka kuliko anavyoweza kuogelea. Kamba hizo ziwe ngumu, zilizokazwa, na zifike karibu na ncha zote mbili.

Kuhusu usukani wa miguu au pezi la chini, hivyo ni visaidizi vya kushika njia upepo unapovuma kutoka ubavuni. Waya zake hukatika na mchanga huzikwamisha. Kayaki isiyoweza kuongozwa bila usukani haifai.

Sketi, pampu na kafi

Sketi ya kukinga maji huvaliwa kiunoni na kufungwa kwenye mdomo wa tundu la kukalia. Ya mpira wa neoprini hukaza vizuri na kustahimili mawimbi. Ya nailoni ni nyepesi na rahisi kuvua. Iwe ya aina yoyote, sharti mkanda wake wa mbele wa kuvutia ubaki nje na uonekane kila mara. Anayevaa sketi kwa mara ya kwanza afanye mazoezi ya kuivua akiwa amepinduka, katika maji ya kina kifupi, pakiwa na mtu wa kumsaidia.

Pampu ya mkono ni ya lazima katika kayaki iliyofunikwa, kwa sababu mikono mitupu haifui maji ya kutosha kabla ya wimbi jingine kufika. Nayo ifungwe kwa kamba, kwani pampu iliyoelea mbali haina kazi.

Kafi la baharini aghalabu huwa na urefu wa sentimita 210 hadi 230. Mtu mrefu au mwenye chombo kipana huhitaji lililo refu zaidi. Bapa kubwa huleta nguvu lakini huumiza mabega safari ikirefuka. Kwa kuwa bila kafi kayaki haina mwendo, kila kundi libebe kafi la akiba, lile linalogawanyika vipande viwili, likiwa juu ya sitaha linapofikika. Lipo pia boya la kuvishwa kwenye bapa moja la kafi, ambalo humwezesha aliye peke yake kuligeuza kafi kuwa tegemeo la kupandia chomboni, kwa mfano wa matengo ya ngalawa.

Jaketi na mavazi

Nguvu ya jaketi ya kumwelesha mtu hupimwa kwa nyutoni. Jaketi la nyutoni 50 ndilo linalotumiwa na wengi wenye kayaki kwa sababu huacha mikono huru. Hata hivyo, humsaidia aliye na fahamu na anayejua kuogelea. Haliwezi kutegemewa kumgeuza aliyezimia ili uso uangalie juu. Majaketi ya nyutoni 150 yameundwa kwa kazi hiyo, ijapokuwa ni makubwa zaidi. Jaketi lijaribiwe kwa kuinuliwa kutoka mabegani: likifika masikioni, halijamkaa mvaaji. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu.

Mavazi nayo huchaguliwa kwa kutazama joto la maji, wala si la hewa. Wataalamu wa maji baridi, akiwemo Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Canada, hufundisha kanuni ya moja, kumi, moja. Aliyetumbukia katika maji ya baridi kali ana dakika 1 ya kutuliza pumzi yake, dakika 10 za kutumia mikono na miguu kwa manufaa, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Maana yake ni kwamba kazi ya kurudi chomboni yapaswa kukamilika ndani ya zile dakika 10. Ndiyo sababu katika bahari za baridi watu huvaa suti za mpira au zisizopenya maji hata siku za jua.

Kuita msaada

Kipenga hakina betri na hakiharibiki kwa maji. Kifungwe kwenye jaketi. Kwa safari za mbali, redio ya VHF isiyoingia maji huwezesha kuita kupitia chaneli 16, ambayo ni ya dharura kimataifa. Fataki za ishara huwaonyesha waokoaji mahali, ila zina tarehe ya mwisho ya kutumiwa. Kipo pia kifaa kidogo kinachotuma ishara kwa setilaiti katika masafa ya megahezi 406. Vyote hivi vikae mwilini. Kilichofungiwa katika chumba cha nyuma hakifikiki chombo kikipinduka.

Kinga isiyogharimu chochote ni kumwachia mtu wa nchi kavu maelezo ya njia, idadi ya watu, na saa ambayo ikipita atatoa taarifa bila kungoja.

Hali ya pwani ya Kenya

Katika pwani ya Kenya, kuanzia Diani hadi Watamu, hatari zina sura nyingine. Bahari ni ya joto, na hapa kinachomlemea mtu ni jua, kiu na uchovu. Maji ya kunywa, kofia na shati la mikono mirefu ni vifaa vya usalama.

La kuzingatiwa zaidi ni maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na maji yanapotoka katika hori kama ile ya Mida au Kilifi, mkondo wa mlangoni huwa na nguvu za kumshinda mwenye kafi. Safari za horini hupangwa ili kurudi kuwe pamoja na maji yanayojaa. Nje ya hori kuna miamba, na msimu wa kusi mawimbi hupasuka juu yake kwa kishindo. Anayekodi kayaki hotelini aulize kwanza saa za maji, na apewe jaketi linalomtosha kabla ya kulipa.

Kwa dharura za baharini, nchi ina Kituo cha Kuratibu Uokoaji kilichoko Mombasa, kilichofunguliwa mwaka wa 2006 na ambacho huhudumu chini ya Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya (KMA).

Jaribio la mwisho

Kayaki haipaswi kununuliwa kabla ya kupinduliwa. Mnunuzi aombe kuijaribu katika maji yanayomfika kifuani, akiwa amevaa jaketi na mavazi atakayosafiria. Aipindue kwa makusudi, atoke, ashike kamba, apande tena, na kufua maji mpaka chombo kiwe chepesi. Akishindwa kufanya hivyo karibu na ufuo, huku muuzaji akimtazama, hataweza kwenye mawimbi. Hapo ana njia mbili: kutafuta chombo kingine, au kutafuta mwalimu kabla ya kwenda mbali.