Kiko, Shisha na Bomba la Maji

Makala haya yanahusu maneno machache ya uvutaji wa tumbaku, na kilichotusukuma kuyaandika ni kosa letu wenyewe. Tulikuwa tumekabidhiwa karatasi ya mafunzo ya afya juu ya madhara ya tumbaku ili tuifasiri kutoka katika Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na jina la kile chombo kinachopitisha moshi majini kabla haujafika kinywani mwa mvutaji. Katika lugha ya asili jina hilo limeungwa kwa maneno mawili, moja la maji na moja la mrija. Sisi nasi, kwa haraka ya kumaliza kazi, tukaliunga vivyo hivyo, tukaandika "bomba la maji". Sentensi yetu ikasomeka hivi: "Watumiaji wa bomba la maji wamo katika hatari ya kupata saratani ya mapafu."

Rasimu hiyo tuliichukua hadi Kurui, wilayani Kisarawe, ili isomwe mbele ya wananchi kabla ya kupigwa chapa. Kijana aliyepewa kazi ya kusoma alipofika katika sentensi ile, mama mmoja alimkatiza. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Maji ya bomba ndiyo tuliyohimizwa tunywe, tukaacha ya kisima. Leo tena mnatuambia bomba linaua?" Watu hawakucheka. Walitutazama sisi, wakingojea jibu, kwa kuwa habari ile ilikuwa imetoka kwa wataalamu na ilikuwa imeandikwa.

Tukajaribu kueleza. Tulitaja maji, moshi, makaa na mrija, hata mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akauliza kwa upole, "Kwani mnataka kusema kiko?"

Hapana budi tukiri kwamba neno kiko tulilijua, kama kila msomaji wa jarida hili alijuavyo. Lakini kiko tulichokijua ni kile kikavu cha mti, chenye shina fupi, ambacho tumezoea kukiona katika picha za mabwana wa kikoloni na za wasomi wa zamani. Kwamba kiko cha asili cha Waswahili ni cha maji, hilo lilikuwamo katika kamusi zilizo juu ya meza zetu, ila hatukuwa tumelitafuta. Mzee yule akatualika nyumbani kwake.

Tulipokwisha kumwamkia na yeye kutuitikia "Marahaba, wanangu", alisema, "Kabla ya maneno, uraibu." Neno hilo tutalirudia baadaye. Akatoa kifuu cha nazi kilichosuguliwa hata kikang'aa weusi, akatia maji kiasi cha nusu. Hicho kifuu, akasema, ndicho kiko chenyewe. Vilivyobaki ni viungo vyake. Juu yake alisimamisha kijiti kilichotobolewa, akakiita digali, na juu ya digali akaweka kikombe kidogo cha udongo uliochomwa, nacho ni bori. Kutoka ubavuni mwa kifuu ulitoka mrija wa pili unaokwenda mdomoni, nao ni shilamu. Hata mlio wa maji yanapochemka kwa pumzi za mvutaji una jina lake, nao huitwa malio ya kiko. Tuliporudi ofisini tulifungua kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, tukayakuta maneno hayo yakitungoja tangu kabla hatujazaliwa.

Tumbaku yenyewe ilikuwa mkate mdogo mweusi, uliofungwa katika jani kavu la mgomba. Mzee alimega kipande, akakivuruga kwa vidole, akakitia katika bori na kuweka kaa la moto juu yake. Alivuta mara mbili tu ili kuwasha, kwa kuwa, kama alivyosema, kifua chake hakimruhusu tena, na siku hizi hutosheka na ugoro. Kisha akatuelekezea shilamu.

Tunaandika yaliyofuata kwa sababu yanahusu kazi yetu. Tulidhani maji yatakuwa yameupunguza ukali wa moshi. Moshi ulikuja wa baridi kweli, na ubaridi huo ndio uliotuhadaa, maana tulivuta pumzi ndefu ambayo mtu asingethubutu kuivuta kwa sigara. Ladha yake ilianza kama majani mabichi yaliyochacha, ikafuata ladha ya ngozi iliyoanikwa juani, na kwa mbali utamu kama wa sukari guru. Hatukupata nafasi ya kuendelea kuichambua. Kifua kilibana, tukapaliwa, machozi yakatutoka. Tukavuta tena kwa heshima ya mwenyeji, na mara ya tatu kwa ukaidi. Hapo jasho la baridi likatutoka kipajini, moyo ukachafuka, na mikorosho iliyokuwa mbele ya nyumba ikaanza kutuzunguka polepole.

"Msisimame," mzee akasema. "Mmelewa. Hiyo si tumbaku ya watani zetu Wanyamwezi, ya kubembelezea watoto." Akaagiza tuletewe maji, ya bomba.

Mzaha ule wa watani una historia ndefu kuliko tulivyodhani. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Uzaramo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 habari za tumbaku za nchi mbalimbali alizopitia au kusikia sifa zake. Kwa maelezo yake, tumbaku ya Usambara ndiyo iliyosifiwa Unguja, nayo ilifinyangwa kuwa vimkate vya mviringo na kufungwa katika majani ya mgomba. Watu wa Ukutu na Usagara waliiponda na kuilowesha, wakaifinyanga mikate mikubwa yenye upana wa karibu shibiri moja na uzito wa ratili tatu hivi, na wakawauzia Wagogo kwa chumvi. Tumbaku ya Unyamwezi aliiona kuwa laini na isiyodumu. Hatudai kwamba mzee wetu wa Kurui alimsoma Burton. Tunachosema ni kwamba madaraja ya ukali wa tumbaku yalijulikana na kutajwa kwa majina ya nchi tangu zamani za misafara, kabla ya vyama vya ushirika na mabani ya Urambo, na kabla wakulima wetu hawajaanza kutofautisha tumbaku ya mvuke na tumbaku ya moshi.

Liko jambo moja katika maelezo hayo ambalo mtu wa istilahi hawezi kulipita. Tumbaku ya Ujiji, asema Burton, Waarabu waliiita hamumi, kwa kuifananisha na tumbaku mashuhuri ya Hadhramaut yenye jina hilo. Wafanyabiashara wale walikutana na kitu kigeni ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakakipa jina la kitu walichokizoea kwao. Nasi kila siku hufanya hivyo hivyo mezani petu, ijapokuwa sisi huitisha kikao kwanza.

Neno tumbaku lenyewe limesafiri kwa njia hiyo. Mmea ulitoka bara la Amerika, na walioutawanya katika bandari za dunia ni Wahispania na Wareno. Wareno walikaa pwani yetu muda mrefu. Ngome ya Yesu ya Mombasa walianza kuijenga mwaka 1593, wakang'olewa humo mwaka 1698, na wametuachia maneno kama meza, bendera na hilo hilo bomba lililotuponza, ambalo kwao ni chombo cha kuvutia maji. Hata hivyo tumbaku haikutufikia kwa matamshi yao. Wao husema kwa b peke yake bila m mbele yake, ilhali m yetu imo katika matamshi ya Waajemi, Wahindi na Waarabu. Inaelekea basi kwamba jani lilivuka bahari ya magharibi kwa mkono wa Mreno, lakini jina lake lilitujia kwa majahazi ya Bahari ya Hindi. Shilamu nalo linafanana mno na neno la Kihindi chilam, isipokuwa kwamba huko ni jina la kikombe cha kutilia tumbaku. Lilipofika kwetu lilikuta kikombe kina jina lake, bori, likahamia katika mrija.

Chombo chenyewe kina umri mkubwa kuliko tumbaku katika bara hili. Wanaakiolojia waliofukua nchini Ethiopia walipata bori za viko vya maji vilivyokadiriwa kuwa vya karne ya 14, navyo vilikuwa na masalio ya bangi. Basi yule asemaye kwamba kuvuta moshi kupitia majini ni mtindo mpya ulioletwa na vijana wa mijini hajui historia.

Na hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Chombo hicho kimerudi mijini kikiwa cha kioo na nakshi, mpira mrefu badala ya shilamu, na tumbaku iliyotiwa manukato ya matunda, nacho kimekuja na jina la shisha. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kioo au chupa. Kiswahili kilikuwa nalo zamani kwa maana nyingine, yaani ile chupa ya mchanga waliyopimia wakati mabaharia. Jina jipya limeleta dhana mpya. Tumewasikia vijana wakisema kwa yakini kwamba wao hawavuti tumbaku, wanavuta shisha. Na kwamba maji huusafisha moshi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba kikao cha saa moja cha uvutaji huo chaweza kumwingizia mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Maji huupoza moshi. Hayauondolei nikotini yote wala sumu ya makaa. Sisi tuliopaliwa barazani Kurui hatuna haja ya kushawishiwa.

Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku shisha nchini, na Kenya ikafanya hivyo mwezi Desemba 2017. Afisa anayetekeleza amri ya namna hiyo hana budi kuulizwa: je, shisha ni nini? Ikiwa ni chombo cha kioo tu, mwenye kifuu cha nazi yu salama, na kesho atatokea mjanja wa mjini atakayetengeneza shisha ya kifuu. Ikiwa ni kila chombo kinachopitisha moshi wa tumbaku majini, basi kiko cha mzee wetu kimo. Hatusemi hivyo ili mzee anyang'anywe kiko chake. Twasema kwamba jibu la swali hilo litatoka katika fasili, na fasili ni kazi yetu.

Katika kikao cha kusahihisha rasimu, wenzetu wengine walipendekeza tuandike shisha peke yake kwa kuwa ndilo neno linaloeleweka. Linaeleweka, lakini halimkumbushi msomaji kwamba mna tumbaku ndani yake. Wengine walihofia kwamba kiko siku hizi ni kile kikavu. Hofu hiyo ina haki, na kwa ajili yake tuliongeza sifa: kiko cha maji. Sentensi sasa yasomeka: "Wanaovuta tumbaku kwa kiko cha maji, ambacho mijini huitwa shisha, wamo katika hatari ya kupata saratani ya mapafu." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Badala ya "kupata sumu ya nikotini" tuliandika "kulewa tumbaku", tukaeleza dalili zake kwa maneno tuliyoyapata pale pale: kisunzi, kichefuchefu, jasho la baridi. Dalili hizo tulikuwa tumezifasiri vizuri hata hapo awali. Tofauti ni kwamba sasa tulizijua.

Tuliirudisha rasimu Kurui. Mama yule aliisikiliza hadi mwisho, akaridhika na habari ya bomba, kisha akatushika pengine. Tulikuwa tumeandika, kama ilivyozoeleka sasa katika maandishi ya afya, kwamba uraibu ni maradhi yanayohitaji matibabu. "Uraibu ni maradhi?" akauliza. "Mgeni akija nikampa tambuu, nimempa maradhi?" Wasomaji watakumbuka kwamba uraibu kwa maana yake ya zamani ni tambuu, tumbaku na mfano wake, anavyokaribishiwa mgeni, na kwa neno hilo hilo mzee alitukaribisha sisi. Istilahi imelichukua ikalifanya jina la hali ya mtu kushindwa kuacha, na kwa maana hiyo limekwisha kuenea mahospitalini na magazetini. Hatuwezi kulirudisha, wala hatuoni kwamba lilichaguliwa vibaya. Kwa karatasi ile tuliandika "hali ya kushindwa kuacha tumbaku", na neno uraibu tukaliacha kwa matini za wataalamu. Wako wenzetu wasiokubaliana nasi katika hilo, na twangojea hoja zao katika kurasa hizi.

Bori, digali, shilamu na malio tumeyaandikia kadi katika faharasa yetu. Kadi ya shilamu tuliiandika mara mbili. Mara ya kwanza, kwa kufuata asili ya Kihindi, tulisema ni kikombe cha kutilia tumbaku, mzee alipoisikia alichukua kiko, akaweka kidole juu ya mrija, akasema, "Huu." Tumesahihisha kwa wino.