UZI: Marufuku ya antibiotiki tunayoidai tayari iko. Shida ni nini basi?

1/ Mjadala wa usugu wa dawa ukizuka, kambi huwa mbili. Moja inataka serikali ifunge maduka yanayouza antibiotiki bila karatasi ya daktari. Nyingine inasema wananchi waelimishwe. Historia yetu inaonyesha zote mbili zimeshika nusu ya ukweli. Twende polepole.

2/ Kwanza tuelewane. Kinachokuwa sugu ni bakteria, si mwili wako. Ukimeza nusu dozi, wale dhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alionya kuhusu hili akipokea Nobeli 1945. Kwa hivyo hakuna wa kusema hatukuambiwa.

3/ Mkasa kama huu tumeupitia na klorokwini. Ndiyo, malaria huletwa na kimelea, si bakteria, lakini somo ni lile lile. Usugu ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kenya iliiacha rasmi 1998! Karibu miaka 20 watoto wakipewa dawa iliyokuwa inaendelea kushindwa.

4/ Iliyofuata, SP, nayo ikachoka haraka. Sera ikabadilishwa tena 2004, na dawa mseto zikaanza kufika vituoni 2006. Angalau wakati huo kulikuwa na dawa nyingine ya kuhamia. Antibiotiki mpya zinazotengenezwa ni chache sana.

5/ Sasa hiyo marufuku. Sheria ya Famasi na Sumu, Sura ya 244, ipo tangu 1957, na antibiotiki ni dawa za kuuzwa kwa agizo la daktari. Mbona bado zinauzwa kama peremende? Juu mtu wa kibarua akipanga foleni hospitalini, siku imeenda na mshahara wa siku umeenda. Duka la dawa liko hapo steji. Ana mia moja, anakatiwa vidonge vinne. Ukifunga hilo duka bila kumletea zahanati yenye dawa, umemwacha wapi?

6/ Kieneo tumejaribu. 2010 ulianza mradi wa kuunganisha maabara za afya za Afrika Mashariki, kifua kikuu kikiwa mbele. 2015 Shirika la Afya Duniani likapitisha mpango wa dunia. Kenya na Tanzania zikaandika mipango yao 2017, Uganda 2018. Ilibidi. Bakteria havuki Busia au Namanga na pasipoti.

7/ Mpango wa Kenya uliunganisha wizara za afya na kilimo, juu kuku na ng'ombe pia hupewa antibiotiki. Lakini soma Jedwali la Nne la Katiba: sera ya afya ni ya serikali kuu, ila hospitali za kaunti, famasi na huduma za mifugo ni za kaunti. Karatasi inaandikwa Nairobi, mtu wa maabara anaajiriwa na gavana. Hapo ndipo kila upande unanyoosha kidole.

8/ Na uhamasishaji? Kila Novemba, tarehe 18 hadi 24, kuna wiki ya dunia ya jambo hili. Ni vizuri. Lakini bango halinunui dozi iliyobaki.

9/ Utafiti uliotoka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

10/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu, msimwulize kama anapinga usugu wa dawa. Kila mtu anapinga. Mwulizeni:
– Hospitali ya kaunti inaweza kuotesha bakteria na kupima ni dawa gani bado inawaua?
– Zahanati ya wadi hukaa bila dawa siku ngapi kwa mwezi?
– Daktari wa mifugo wa serikali yuko wapi?
– Na pesa ziko kwa mstari gani wa bajeti?

Akijibu bila kutaja bajeti, mmepata jibu lenu.