Maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi na visawe vyake katika Kislovakia

Polisemia ni hali ya neno moja kubeba maana kadhaa zinazohusiana. Kila lugha ina maneno ya namna hiyo, ila mipaka ya maana hizo haifanani kutoka lugha moja hadi nyingine. Makala haya yanachunguza maneno machache ya kawaida ya Kiingereza yanayogawanyika yanapotiwa katika Kislovakia, lugha ya Kislavoni ambayo ndiyo lugha rasmi ya Slovakia na, tangu 2004, mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Mara nyingi yeye hujifunza au hufasiri Kislovakia kwa kupitia kamusi za Kiingereza, na programu nyingi za tafsiri nazo hutumia Kiingereza kama daraja. Hatari ya njia hiyo ni kwamba tofauti zilizo wazi katika Kiswahili, na zilizo wazi vilevile katika Kislovakia, hupotea katikati.

1. Kiswahili na Kislovakia vinapotofautisha, Kiingereza kikiunganisha

"Marry". Kiswahili hutenga kuoa na kuolewa. Kislovakia nacho hutenga: mwanamume "sa oženil", mwanamke "sa vydala". "Ján sa oženil s Máriou" ni Ján alimwoa Mária. "Mária sa vydala za Jána" ni Mária aliolewa na Ján. Kwa wote wawili pamoja husemwa "zobrali sa", yaani walioana. Mzazi anayemwoza binti yake hutumia "vydať" bila kijineno "sa", na kasisi au ofisa anayefungisha ndoa hutumia "sobášiť". Vivyo hivyo katika hali ya ndoa: mwanamume mwenye mke ni "ženatý", mwanamke aliyeolewa ni "vydatá". Sentensi "Asha ameolewa" ikipitishwa katika Kiingereza hupoteza kiambishi cha kutendwa kilichoonyesha jinsia, na asiyelijua jina la Asha aweza kumwandika "ženatý". Kosa hilo likiingia katika cheti au fomu ya ukaazi, mwenye hati ndiye atakayetakiwa kulieleza.

"Free". Kiswahili kina huru, wazi na bure. Kislovakia kina "slobodný", "voľný" na "bezplatný", pamoja na kielezi "zadarmo". Nchi huru ni "slobodná krajina". Dawa za bure ni "bezplatné lieky". Hata hivyo, mipaka hailingani kikamilifu. Tangazo "Vstup voľný" humaanisha kuwa hakuna kiingilio. Katika fomu, chini ya "rodinný stav", yaani hali ya ndoa, "slobodný" ni mwanamume ambaye hajaoa na "slobodná" ni mwanamke ambaye hajaolewa. Kwa hiyo "slobodná matka" si mama huru, bali ni mama asiyeolewa. Swali "Je toto miesto voľné?" lina kisawe cha asili katika Kiswahili: "Hapa pana mtu?" Mfasiri akumbuke kugeuza jibu pia, kwa kuwa "áno", yaani ndiyo, katika swali la Kislovakia humaanisha kiti ki wazi.

"Ask". Kuuliza ni "pýtať sa" au "opýtať sa". Kuomba ni "prosiť" au "poprosiť". "Opýtal sa učiteľa" ni alimwuliza mwalimu; "Poprosil učiteľa o knihu" ni alimwomba mwalimu kitabu. Kitenzi cha kwanza hutawala uhusika milikishi, cha pili uhusika wa shamirisho, na kinachoombwa hutanguliwa na "o".

"Time". Wakati ni "čas", mara ni kiambishi "-krát" kama katika "trikrát", yaani mara tatu, na saa ni "hodina". Swali "Koľko je hodín?" limejengwa juu ya neno la saa, kama "Saa ngapi?" ya Kiswahili. Tofauti iko katika kuhesabu: saa mbili asubuhi ni "osem hodín ráno", saa nane kwa hesabu ya huko. "Hodina" humaanisha pia kipindi cha darasani.

2. Kislovakia kinapotofautisha, Kiswahili kikiunganisha

Hapa Kiswahili hakimsaidii mwanafunzi, na ndipo panapohitaji mazoezi zaidi.

"Know". Kujua hugawanyika katika "vedieť" na "poznať". "Viem, kde býva" ni najua anakoishi. "Poznám jeho brata" ni namjua ndugu yake. Kipimo rahisi ni kukitazama kinachofuata kitenzi cha Kiswahili. Kikiwa ni kishazi (najua kwamba, najua anakoishi) au kitenzi-jina (najua kuogelea), tumia "vedieť": "Viem plávať". Kikiwa ni mtu au mahali, tumia "poznať": "Bratislavu poznám dobre". Kujua lugha huenda na kundi la kwanza: "Viem po slovensky".

"Go". Kwenda mara moja kuelekea mahali ni "ísť". Kwenda kwa mazoea ni "chodiť". "Dnes idem do školy pešo" ni leo ninakwenda shule kwa miguu. "Môj syn chodí do školy" ni mwanangu anasoma shule. Kiswahili huweza kudokeza mazoea kwa kiambishi hu-. Kislovakia hubadilisha kitenzi chenyewe. "Dieťa už chodí" humaanisha mtoto ameshaanza kutembea.

"Play". "Deti sa hrajú" ni watoto wanacheza, bila kutaja mchezo wenye kanuni. Mchezo ukitajwa, "sa" huondoka: "Hrajú futbal". Ala ya muziki huhitaji "na": "Hrá na gitare". Hapa Kiswahili kina njia yake, kwani gitaa hupigwa, halichezwi.

3. Kislovakia kinapounganisha, Kiswahili kikitofautisha

Kislovakia nacho kina polisemia yake. "Letter" huonekana rahisi: herufi ni "písmeno", barua ni "list". Lakini "list" ni pia jani la mti na karatasi moja, kama katika "list papiera". "Right" hugawanyika vizuri: mkono wa kulia ni "pravá ruka", jibu sahihi ni "správna odpoveď", asemaye kweli "má pravdu", na haki ni "právo". Ugumu huja baadaye, kwa kuwa "právo" hubeba haki na sheria kwa pamoja. "Právo na vzdelanie" ni haki ya elimu. "Medzinárodné právo" ni sheria ya kimataifa. "Študuje právo" ni anasomea sheria. Sheria moja iliyopitishwa na bunge ni "zákon". Mfasiri wa hati za kisheria anayelinganisha "právo" na haki peke yake atapotosha hati nzima.

Mwongozo kwa mfasiri na mwalimu

Kwanza, anza na sentensi ya Kiswahili wala si neno la Kiingereza, na ubainishe maana kwa muktadha: nani, kwa nani, mara moja au kwa mazoea.

Pili, neno la Kislovakia likishapatikana, litafute upya katika kamusi ya Kislovakia kwa Kislovakia, uone maana zake nyingine. Taasisi ya Isimu ya Ľudovít Štúr, iliyoko Bratislava chini ya Akademia ya Sayansi ya Slovakia, imeweka kamusi zake kwenye intaneti.

Tatu, hifadhi kila kitenzi pamoja na kijalizo chake: "oženiť sa s", "vydať sa za", "hrať na", "prosiť o". Orodha ya vitenzi vitupu haimwezeshi mwanafunzi kutunga sentensi.

Nne, kwa walimu: fundisheni "oženiť sa" na "vydať sa" kupitia kuoa na kuolewa moja kwa moja. Tofauti ambayo mwanafunzi anayo tayari katika lugha yake haina haja ya kufutwa kwanza kwa Kiingereza ndipo ifundishwe upya.