Tiba ya Mazungumzo Ilianza Kabla ya Intaneti

Wako wanaoamini kwamba unasihi wa mtandaoni uliletwa na korona. Mimi ni mshauri nasaha hapa Mombasa, na wengi ninaowahudumia sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Nataka wajue kwamba kazi hii ina wazee wake, na umri wake unaupita wa intaneti kwa mbali.

Mwaka 1908, jijini Vienna, mtoto wa miaka mitano alikuwa akiogopa kutoka nje. Alihofia kung'atwa na farasi, na enzi hizo barabara zilijaa farasi wanaokokota mabasi na mizigo. Baba yake, Max Graf, aliyaandika maneno ya mwanawe na kumpelekea Sigmund Freud, naye Freud akamwelekeza la kumuuliza mtoto. Wakati wa tiba ile, daktari alionana na mtoto huyo mara moja tu. Maelezo aliyoyatoa Freud kuhusu chanzo cha hofu ile wengi wetu hatuyakubali leo. Hata hivyo, tiba ilipita katika maandishi.

Simu ikafuata. Mwaka 1935 kasisi kijana wa Kiingereza, Chad Varah, alimzika binti wa miaka 14 aliyejiua. Binti alikuwa ameingia hedhi, akadhani ameugua ugonjwa wa aibu, na hakuwa na wa kumuuliza. Varah hakuyasahau mazishi yale. Novemba 1953, katika kanisa la St Stephen Walbrook jijini London, alianza kupokea simu za watu waliokata tamaa. Wengine walifika wenyewe, na walipokuwa wakingoja zamu watu wa kujitolea waliwapa chai na kuwasikiliza. Varah akaona ajabu: wengi walitulia kabla hata ya kumfikia. Februari 1954 aliwakabidhi wale wa kujitolea kazi ya kusikiliza. Ndivyo walivyoanza Samaritans, ambao mwaka 1994 walianza kujibu watu kwa barua pepe pia.

Marekani nako, tangu mwaka 1959, madaktari wa akili jijini Omaha walikuwa wakijaribu tiba ya vikundi kwa televisheni ya pande mbili. Mwaka 1964 mitambo hiyo iliwaunganisha na hospitali ya Norfolk, kilomita 180 hivi kutoka kwao. Na mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Cornell kiliwafungulia wanafunzi huduma ya kompyuta ya kuuliza maswali yanayowasumbua bila kutaja majina, majibu yakasomwa na wote.

Nikiipitia historia hii naona jambo moja linajirudia: umbali wenyewe ulisaidia. Namkumbuka dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ndani Muscat. Alinipigia usiku, wenye nyumba wakishalala, yuko jikoni, sauti ya chini, kamera hawashi. Bando likikata alimalizia kwa kuandika. Aliyotendewa na mwajiri wake wa kwanza hakuthubutu kumwambia mtu wa kwao, kwa kuwa nyumbani walikuwa wakisubiri pesa, na habari ingemfikia mama mkwe kabla ya jua kutua. Mimi aliniambia kwa sababu sikuwa jirani yake. Kiwewe kile tulikishughulikia kidogo kidogo, hadi akaanza kupata usingizi.

Lakini umbali huohuo ni kichaka cha matapeli. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu na maneno matamu anaweza kujiita mtaalamu wa ndoa, akakusanya siri za watu. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014, itumieni. Kabla hujamfungulia mtu moyo, muulize: umesomea wapi, na umesajiliwa na nani? Ninayokueleza unayahifadhi wapi, na nani mwingine anayaona? Nikizidiwa usiku wa manane, nimwite nani aliye karibu nami? Mshauri wa kweli hakasiriki kuulizwa. Akikwepa hata swali moja, mwache, tafuta mwingine. Ila usiache kutafuta.