Kapteni Aliyepita Vizuizi 23

Anayeijua Kigali anaijua Nyamirambo, mtaa wa misikiti, mishikaki na Kiswahili. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, katika nyumba moja ya mtaa huo, Watutsi 25 walikuwa wamejificha wakisubiri ama kifo ama mtu wa kuwatoa. Aliyewafikia ni ofisa wa Senegal aliyevaa bereti ya buluu ya Umoja wa Mataifa, akiendesha gari jeupe, hana hata bastola. Gari lake lilibeba watu watano kwa safari. Kutoka Nyamirambo hadi makao ya Umoja wa Mataifa kulikuwa na vizuizi 23 vya barabarani, vingine vikishikwa na vijana wenye mapanga, marungu na mabomu ya mkono, wengi wao wamelewa. Piga hesabu: safari tano, vizuizi 23 kila safari. Mara 115 alisimama akiwa na watu ambao mwenye panga dirishani alikuwa akiwatafuta. Wote 25 walifika.

Ofisa huyo alikuwa Kapteni Mbaye Diagne.

Alizaliwa Machi 18, 1958 huko Koki, mji wa Senegal unaosifika kwa chuo chake cha Qurani, katika familia ya watoto tisa, akakulia Pikine, kando ya jiji la Dakar. Yeye ndiye wa kwanza nyumbani kwao kuingia chuo kikuu. Baada ya masomo ya Dakar alijiunga na jeshi, akapata uofisa, akatumikia Casamance, kusini mwa nchi, ambako jeshi lilikuwa likipambana na waasi. Hadi hapo ni maisha ya ofisa yeyote wa cheo cha kati.

Njia yake ya kwenda Rwanda ilipitia mezani Arusha. Mwaka 1993 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katibu mkuu wake wakati huo akiwa Salim Ahmed Salim, ulipeleka waangalizi wa kijeshi Rwanda huku mazungumzo ya kumaliza vita kati ya serikali na waasi wa RPF yakiendelea, na Diagne akawa miongoni mwao. Mkataba ulitiwa saini Arusha Agosti 4 mwaka huo. Umoja wa Mataifa ukaunda kikosi chake, UNAMIR, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Canada, na waangalizi wakahamishiwa huko. Mwangalizi wa kijeshi kazi yake ni kutazama, kuandika na kuripoti. Habebi silaha. Jambo hili tulishike, maana ndilo linaloifanya habari yake iwe tofauti na za mashujaa wengine wa vita.

Usiku wa Aprili 6, 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, iliyokuwa ikirejea kutoka Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia uwanja wa Kigali. Asubuhi ya pili yake Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa pamoja na mumewe, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda nao wakauawa. Watoto wa waziri mkuu walikuwa wamefichwa katika nyumba ya jirani. Diagne alifuatilia habari hizo, akawafikia, akawapeleka Hôtel des Mille Collines. Kutoka hapo walitolewa nchini, wakapata hifadhi Uswisi.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Angeweza kurudi kwenye daftari lake la ripoti.

Badala yake alianza kuwatoa watu, wawili, watatu, watano kwa mara moja, siku baada ya siku. Amri walizopewa askari wa UNAMIR hazikumruhusu kuzunguka mjini akiokoa raia. Dallaire alijua anachofanya, akanyamaza. Wakubwa wa New York walikuwa wanakwenda upande mwingine kabisa: Aprili 21 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912, na kikosi kilichokuwa na askari wapatao 2,500 kikapunguzwa hadi kama 270, mauaji yakiwa yamepamba moto. Inafaa kulikumbuka azimio hilo kila zinapotolewa hotuba nzuri za kumsifu kapteni huyu, kwa kuwa kilichomsifu baadaye ni chombo kilekile.

Basi alipitaje? Kwa sigara na kwa mdomo. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya na kicheko cha karibu, na alizijua sura za walinzi wa vizuizi kama dereva wa basi anavyowajua trafiki wa njia yake. Huyu anapewa sigara, yule anaulizwa habari, mwingine anataniwa mpaka anasahau alichotaka kuuliza. Mwandishi wa BBC Mark Doyle alikuwa naye garini siku mgambo mmoja alipoingiza kichwa dirishani, bomu mkononi, akitaka kujua kama mzungu yule ni Mbelgiji. Jibu la ndiyo lilikuwa kifo. Diagne akadakia kwamba Mbelgiji ni yeye, na akauonyesha mkono wake mweusi kama ushahidi. Mgambo akacheka. Kizuizi kikafunguliwa.

Idadi ya aliowaokoa hutajwa tofauti: wapo wanaosema 600, wapo wanaofika 1,000. Kazi ya namna ile haina leja.

Mei 31, 1994 alikuwa akirudi makao makuu peke yake, amebeba ujumbe wa mkuu wa jeshi la serikali kwenda kwa Dallaire. Alisimama kizuizini. Kombora la mota, lililorushwa kutoka upande wa waasi wa RPF, likaanguka nyuma ya gari. Kipande cha chuma kikapenya kioo cha nyuma na kumpiga kisogoni. Alikufa palepale, na umri wake miaka 36. Zilikuwa zimebaki siku 12 arejee nyumbani. Kikosi hakikuwa na hata mfuko wa kumhifadhia maiti, wenzake wakamfunga kwa turubai la plastiki la buluu, lile la kujengea mahema ya wakimbizi. Hivyo ndivyo alivyosafirishwa kwenda kwa mkewe, Yacine Mar Diop, na watoto wao wawili wadogo.

Heshima zilikuja polepole. Senegal ilimtunuku Nishani ya Taifa ya Simba. Mwaka 2010 Rwanda ilimpa nishani iitwayo Umurinzi, neno ambalo Mswahili halimsumbui: ni mlinzi. Kwamba serikali iliyozaliwa na jeshi ambalo kombora lake lilimuua ndiyo iliyomwita mlinzi, hilo kila mtu alipime mwenyewe. Umoja wa Mataifa ulichukua miaka 20. Mei 8, 2014 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2154, lilianzisha Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ushujaa wa Kipekee, na Mei 19, 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon akaikabidhi ya kwanza kwa mjane na watoto wake.

Ya pili ilikwenda Malawi. Novemba 2018, katika misitu ya Beni, mashariki mwa Kongo, askari wa Malawi na Tanzania wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walikuwa wakiwashambulia waasi wa ADF. Koplo mmoja Mtanzania alipigwa risasi, akabaki uwanjani mahali pa wazi, hawezi kutembea. Praiveti Chancy Chitete wa jeshi la Malawi alimfuata chini ya risasi, akamvuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo akapigwa yeye. Malawi ilipoteza askari sita katika mapigano yale, Chitete akiwamo. Mei 24, 2019 familia yake ilipokea New York nishani yenye jina la kapteni wa Koki.

Koplo wa Tanzania alipona.